Mwongozo kamili: jinsi ya kutafsiri "goofy" bila kumtukana mtu

Binti anamtazama baba yake akicheza muziki harusini, miguu huku, mikono kule, suti inambana. Anacheka, anamgeukia rafiki yake na kusema: "My dad is so goofy." Chini ya skrini yanatokea maneno: "Baba yangu ni mjinga sana."

Hapo filamu imeshaharibika. Binti aliyekuwa anampenda baba yake amegeuka mtovu wa adabu, na mtazamaji wa Tanga au Kisumu anajiuliza mbona mzee hakasiriki. Kosa hili nalikuta tena na tena kwenye maandishi ya chini ya filamu, kwenye vitabu vya watoto, hata kwenye kazi za watu wanaokijua Kiingereza barabara. Wanaojaribu kulikwepa huandika "mpumbavu", ambalo ni kali zaidi, au "mcheshi", ambalo linabeba nusu tu ya maana.

Mwongozo huu ni wa watafsiri, waandishi wa maandishi ya chini na walimu wa Kiingereza. Ukizifuata hatua zake utaliweza neno "goofy" popote utakapokutana nalo, na njia hiyo hiyo itakufaa kwa ndugu zake: "silly", "daft", "zany", "dopey" na "wacky".

## Unachohitaji kabla ya kuanza

Kamusi ya Kiingereza inayoonyesha mwaka na mifano. Merriam-Webster ipo mtandaoni bure, na chini ya neno huandika lilianza kuonekana lini kwenye maandishi. Oxford English Dictionary ina mengi zaidi, ila mara nyingi utahitaji kulipia au kuingia kupitia maktaba ya chuo.

Kamusi ya misimu. Green's Dictionary of Slang ipo wazi mtandaoni. Maneno ya mtaani yana maana ambazo kamusi za shule hazizigusi.

Kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Chukua Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI au Kamusi Kuu ya BAKITA. Kamusi ya Kiingereza kwa Kiswahili peke yake haitoshi kwa kazi hii. Inakupa maneno manne yamepangana mstari mmoja bila kukwambia lipi linauma na lipi halidhuru. Hapo ndipo wengi hunasa.

Video au picha yenyewe, si faili la maandishi tu.

Daftari la kuandikia maamuzi yako, la karatasi au la kwenye simu.

Mtu wa kumsomea, hasa mtu mzima asiyefanya kazi ya tafsiri. Mama, shangazi, jirani, yeyote anayezungumza Kiswahili tangu utotoni.

## Hatua ya 1: Nakili mazungumzo, si neno

Chukua sentensi yenye "goofy", iliyoitangulia na inayofuata. Ziandike zote tatu. Pembeni andika majibu ya maswali manne: nani anasema, anamwambia nani, anamsema nani, na anayesemwa yupo anasikia?

Sababu ni kwamba "goofy" halina joto lake lenyewe. Linapata joto kutoka kwa msemaji. Mke akimwambia mumewe aliyevaa soksi mbili tofauti, ni mahaba. Bosi akimwambia mfanyakazi mbele ya wateja, ni dharau. Herufi ni zile zile tano.

Onyo: usianze kutafsiri kabla ya kuona uso wa msemaji. Tabasamu au jicho kali litakuokoa kuliko kamusi yoyote.

Utajua umefanikiwa ukiweza kueleza tukio kwa sentensi moja ya Kiswahili bila kuligusa neno lenyewe. Kwa mfano: "Binti anafurahia jinsi baba yake anavyocheza bila kujali watu." Ukishindwa kuandika sentensi hiyo, rudi kwenye video.

## Hatua ya 2: Amua ni "goofy" ipi

Neno hili lina maana kadhaa zilizo mbali mbali, na kila moja ina dalili zake.

Mtu au tabia ya kuchekesha. Hii ndiyo utakayoikuta mara nyingi zaidi. Mtu anafanya mambo ya kitoto, anajikwaa, anatoa sauti za ajabu, na hajali. Dalili: karibu na neno kuna kicheko, ngoma, familia au marafiki.

Kitu au wazo lisilo la kawaida. Kofia, picha, tabasamu, mpango. Dalili: baada ya "goofy" kuna jina la kitu.

Kichwa kizito baada ya dawa. Mtu ametoka kwa daktari wa meno au kwenye chumba cha upasuaji, anasema maneno yasiyoshikamana. Dalili: hospitali, vidonge, usingizi.

Mashine inayoleta shida. Printa inatoa karatasi tupu, simu inajizima. Wamarekani husema inakuwa "goofy". Kwa Kiswahili kompyuta haiwezi kuwa na ujinga wala ucheshi. Sema "inasumbua" au "imeanza kuleta matatizo" na umemaliza.

Meno ya mbele yaliyotokeza. Hii ni ya Uingereza zaidi. Ukikuta "goofy teeth" kwenye hadithi ya Mwingereza, usiandike meno ya kuchekesha. Andika "meno ya mbele yaliyotokeza". Wala usiyachanganye na mwanya, ambao kwetu wengi huuhesabu kuwa pambo.

Namna ya kusimama juu ya ubao. Katika kuteleza juu ya mawimbi na kwenye ubao wa magurudumu, mchezaji wa "goofy" ni yule anayetanguliza mguu wa kulia, wa kushoto ukabaki nyuma. Michezo hii miwili iliingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye mashindano ya Tokyo yaliyofanyika 2021, kwa hiyo neno sasa linasikika hadi kwenye utangazaji wa michezo. Vijana wanaoteleza pale Kitintale, Kampala, wanalijua bila kuelezwa. Kwa msomaji wa kawaida andika "hutanguliza mguu wa kulia". Ukiandika "anasimama kijinga" umemdhalilisha mwanamichezo kwa kosa ambalo hakulifanya.

Kuna pia "goofy" ya mapenzi, pale mtu anapokuwa "goofy" juu ya mtu fulani. Hiyo Kiswahili kinaimudu vizuri kuliko Kiingereza: "amekufa ameoza kwake", au kwa upole zaidi, "hajiwezi kwake".

Hatua hii imekamilika ukiwa umeandika kwenye daftari maana moja tu. Zikibaki mbili na huwezi kuchagua, dalili imekupita. Soma ukurasa mzima.

## Hatua ya 3: Tumia chimbuko la neno kupima joto

Wengi huruka hatua hii wakidhani asili ya neno ni mapambo ya wasomi. Kwa neno hili, asili ndiyo inayokwambia kwa nini "mjinga" hukosea.

"Goofy" limezaliwa na "goof", neno la mtaani la Marekani lililoanza kuonekana kwenye maandishi katika miaka ya 1910. "Goofy" lenyewe likafuata karibu na mwaka 1920. Nyuma ya "goof" inadhaniwa lipo neno la lahaja za Uingereza, "goff", la mtu anayechekesha kwa ubwege wake, na nyuma zaidi "goffe" la Kifaransa, lenye maana ya mtu mzito, asiye na wepesi. Kiitaliano nacho kina "goffo" mpaka leo: mtu ambaye akisimama mbele za watu hajui aweke wapi mikono.

Tazama picha inayojitokeza hapo. Ni mtu anayegonga meza akipita, anayemwaga chai, anayecheza nje ya mdundo. Akili imo ndani ya maana, lakini mwili ndio unaoonekana kwanza. "Mjinga" la Kiswahili linahukumu kichwa: mtu hajui, hajafunzwa, haelewi. Kwa hiyo unapoandika "mjinga" unahamisha kosa kutoka miguuni kwenda kichwani, na ndiyo maana sentensi inageuka tusi.

Kosa jingine lililoenea ni kudhani kwamba neno limetokana na yule mbwa wa katuni za Disney. Ni kinyume chake. Mbwa huyo alionekana mara ya kwanza mwaka 1932 akiitwa Dippy Dawg, na kufikia 1934 alikuwa ameshaitwa Goofy. Neno lilikuwa mtaani zaidi ya miaka kumi kabla yake. Ila naamini katuni imelifaa sana neno hili: mrefu yule, mwenye kofia, anayeanguka kila dakika na kuinuka bila kinyongo, amewafanya watu walisikie kwa wema. Jina lake, likiwa na herufi kubwa, liache lilivyo. Usilitafsiri.

Joto lakini halikushuka kila mahali, na hapa ndipo penye onyo kubwa la mwongozo huu. Kwa vijana wengi wa Chicago, kumwita mtu "a goofy", kama nomino, ni kumwambia hana thamani. Watu wamegombana kwa neno hilo. Kanada nako, hasa kwa waliopita jela, "goof" ni miongoni mwa matusi mazito kabisa. Ukitafsiri wimbo wa Chicago au mahojiano ya mfungwa wa Toronto na ukaandika "mwenye vituko", umeficha ugomvi wote. Hapo ndipo "fala" au "bwege" linapostahili, kulingana na ukali wa tukio.

Pima joto kwa maswali haya. Je, aliyeambiwa anacheka, ananyamaza au anakunja ngumi? Je, neno limetumika kama kivumishi, au limesimama peke yake kama jina la mtu? Je, msemaji angeweza kulitumia kujisema mwenyewe? Jibu la mwisho likiwa ndiyo, karibu kila mara joto ni la kirafiki.

Andika kwenye daftari neno moja kati ya haya: mapenzi, utani, dharau, tusi.

## Hatua ya 4: Litenge na ndugu zake

Maneno haya hutafsiriwa kana kwamba ni mapacha. Kila moja limetoka nyumba yake na bado lina harufu ya huko.

"Silly" limesafiri safari ya kusikitisha. Katika Kiingereza cha kale, "sælig" lilimaanisha mwenye heri, aliyebarikiwa. Kijerumani bado kina "selig" kwa maana hiyo hiyo. Aliyebarikiwa akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa dhaifu, na kufikia karne ya 16 dhaifu akawa asiye na akili. Leo limelainika tena. Mgeni akisema anataka kulipia chakula, mwenyeji wake Mwingereza humwambia "Don't be silly". Ukiandika "Usiwe mjinga" umemfukuza mgeni mezani. Andika "Aa, acha bwana!" au "Wala usijisumbue". Wanaofuatilia kriketi Nairobi na Kampala watakutana nalo pia kwenye majina ya nafasi za uwanjani kama "silly point", ambapo linaonyesha kwamba mchezaji amesimama karibu na mpigaji kiasi cha kuhatarisha. Hilo halitafsiriwi kwa ujinga hata kidogo. Eleza mahali alipo.

"Daft" ni la Uingereza, na hasa linasikika kaskazini mwake na Scotland. Zamani lilimaanisha mpole, mwenye staha, na lina asili moja na "deft", la mtu mwenye mikono myepesi ya kazi. Upole ukaonekana uzubaifu, uzubaifu ukaonekana upungufu wa akili. Kati ya watu waliozoeana, "Don't be daft" ni "Acha hizo" au "Hebu niondolee". Kwa mtu mgeni linaweza kuuma.

"Zany" ni mtu wa jukwaani. Linatokana na "zanni", wale watumishi wachekeshaji wa maigizo ya Kiitaliano, na jina lenyewe ni ufupisho wa Giovanni kwa matamshi ya kaskazini ya Italia. Liliingia Kiingereza mwishoni mwa karne ya 16, Shakespeare alilitumia. Tofauti yake na "goofy" ni makusudi. Mtu wa "goofy" anachekesha hata asipotaka, wa "zany" amejipanga kuchekesha. Kwa hiyo lifaalo ni "uchale".

Na hapa Kiswahili kimefanya jambo lile lile. "Chale", kwa maana ya mchekeshaji, ni Charlie, yule Chaplin wa filamu zisizo na sauti. Waitaliano walimchukua Giovanni, sisi tukamchukua Charlie. Nasikitika kwamba watafsiri vijana hulisahau neno hili, maana "anafanya uchale" hutatua sentensi nyingi ambazo "mjinga" huziua.

"Dopey" limeanzia kwenye "doop" la Kiholanzi, yaani mchuzi wa kuchovya. Likapita kwenye kasumba, yaani afyuni, iliyopikwa ikawa nzito, likafika kwenye dawa za kulevya kwa jumla, na mwisho kwa mtu anayeonekana amelewa usingizi. Tafsiri yake ni "amezubaa" au "amepumbaa".

"Wacky" ni la ajabu zaidi kuliko la kuchekesha. "Ya ajabu ajabu" inatosha.

## Hatua ya 5: Geuza kivumishi kiwe tendo

Sasa kazi yenyewe. Kiingereza kina vivumishi tele; Kiswahili kina vichache vya asili, na sifa nyingi za mtu tunazieleza kwa anachofanya au alicho nacho. Anayetafuta kivumishi kimoja cha "goofy" ataishia kwenye "mjinga" kwa sababu ndilo lililo karibu. Acha kutafuta kivumishi.

Njia ya kwanza ni kuwa na + nomino. Nomino za kuchagua ni hizi, na kila moja ina makali yake.

- *Vituko*: mambo ya kuchekesha yasiyo ya kawaida. Ndilo chaguo la kwanza kwa "goofy" ya mapenzi. "Ana vituko huyu!" Lakini angalia umoja wake. "Ana vituko" ni sifa ya kupendwa. "Amekuwa kituko" ni aibu, watu wanamcheka. Nimeona waandishi wazuri wakiteleza hapa.
- *Vitimbi*: yana utundu ndani yake, wakati mwingine hila. "Ananifanyia vitimbi" ni malalamiko. Yanamfaa mtoto mtundu kuliko baba anayecheza harusini.
- *Vioja*: ya kushangaza, karibu na fedheha. Wakenya waliokua na "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani" kwenye televisheni wana masikio ya kutofautisha maneno haya, kwa hiyo usiyachezee.
- *Masihara* na *mzaha*: kutokuwa makini. "Stop being goofy" kwa mwanafunzi darasani ni "Acha masihara".
- *Mapepe*: kutotulia, kichwa kuruka ruka. Ni kwa mtoto au kijana, na lina lawama kidogo.
- *Upuuzi*: hilo ni la kukasirika. Liweke kwa dharau tu.

Njia ya pili ni kitenzi. "Anachekesha", "anatuvunja mbavu", "amezubaa", "anajikwaa kwaa". Kitenzi kina faida kubwa: kinaonyesha mwili, na tumeona kwamba mwili ndio kiini cha neno hili.

Njia ya tatu ni kielezi au uradidi, yaani kurudia neno: "anacheza ovyo ovyo", "wazo la ajabu ajabu".

Njia ya nne, ninayoipenda kuliko zote kwa mazungumzo, ni "kwa" ya mshangao: "Baba yangu kwa vituko!" Hakuna kivumishi, hakuna kitenzi, na kila mtu anasikia tabasamu.

Mifano michache iliyopitishwa njia hizi:

- "A goofy grin": "akatabasamu meno yote nje". Kama ni mtoto, "tabasamu la kitoto".
- "That goofy hat": "hiyo kofia yako ya kuchekesha".
- "A goofy-looking dog": "mbwa ambaye ukimtazama tu unacheka".
- "Sorry, I'm still a little goofy from the anesthesia": "Samahani, nusukaputi bado haijanitoka kichwani." Kama ni jino limeng'olewa kwa sindano ya fizi tu, ni ganzi, na ganzi haimfanyi mtu aweweseke, rudi uangalie amepewa nini.
- "Come here, you goofy kid": "Hebu njoo hapa, we mtundu."

Ona kwamba katika mfano wa mwisho "mtundu" haimaanishi "goofy" ukiitoa kwenye kamusi. Lakini ndilo neno ambalo mama wa Kiswahili angelitumia akiwa amemfungulia mtoto mikono, na hilo linatosha.

Umefanikiwa pale sentensi yako inapoonyesha kitu mtu anachokifanya, na hukumu ya akili yake haimo.

## Hatua ya 6: Angalia inasomwa wapi

Maneno ya mtaani huzeeka haraka na hayavuki mipaka vizuri. "Kujitoa ufahamu", kwa maana ya kufanya jambo la ajabu makusudi bila kujali watu, linaeleweka sana Dar es Salaam na linakaa vizuri mdomoni mwa kijana wa mjini. Lipeleke Mombasa au Goma, wengine watadhani kuna mtu amezimia. "Boya", "zoba" na "bwege" ni matusi ya Tanzania zaidi, na uzito wake unategemea anayesema. "Fala" linaeleweka pande zote mbili za Namanga, na pande zote linauma.

Kama kazi yako itasomwa nchi zaidi ya moja, baki kwenye vituko, uchale, masihara na kuchekesha. Haya yote kamusi zinayajua, na bibi anayajua.

Kumbuka pia utani wetu wa makabila. Mnyamwezi na Mzaramo wanaweza kuitana majina ambayo kwingine yangeleta kesi, na msibani yanaleta kicheko. Filamu ikiwa na watu wa uhusiano wa namna hiyo, neno kali linaweza kukubalika, mradi mtazamaji ameshajua kwamba ni watani. Kama hajajua, lainisha kidogo.

Onyo: usitumie kamwe "punguani", "taahira", "zezeta", "mwehu" au "chizi" kwa "goofy". Maneno haya yanagusa watu wenye ulemavu wa akili au ugonjwa wa akili. Msemaji wa Kiingereza hakuwataja, wewe usiwataje. Kwenye kitabu cha watoto kosa hili linaumiza zaidi, kwa sababu mtoto atalibeba neno hilo mpaka uwanja wa shule, na huko yupo mwenzake atakayeitwa hivyo.

## Hatua ya 7: Pima urefu, kisha msomee mtu

Kwa maandishi ya chini ya filamu, kikomo cha kawaida ni herufi 42 kwa mstari, nafasi zikihesabiwa, na mistari isizidi miwili. "Baba yangu ni mtu mwenye tabia za kuchekesha sana" ina herufi 49, na isitoshe inasikika kama ripoti ya mwalimu wa darasa. "Baba yangu kwa vituko!" ina 22. Ukiona tafsiri yako inajaa mistari miwili kwa neno moja la Kiingereza, umeanza kueleza badala ya kutafsiri. Rudi Hatua ya 5.

Kisha msomee mtu wako kwa sauti. Msomee mazungumzo yote, usimwambie ni neno gani linakusumbua, wala usimwonyeshe Kiingereza. Mwulize jambo moja tu: huyu anampenda mwenzake au anamdharau? Jibu lake likilingana na neno uliloandika kwenye daftari katika Hatua ya 3, kazi imeisha. Likipishana, amini sikio lake.

Usimwulize kama tafsiri ni nzuri. Atakuambia ni nzuri kwa heshima.

## Ukikwama

Neno linajirudia kurasa nyingi. Kitabu cha watoto kinaweza kumwita mjomba "goofy" kila ukurasa. Chagua neno moja, liandike kwenye daftari, na ulishike hadi mwisho, kwa sababu watoto hungojea neno lao lirudi. Libadilishe pale tu mwandishi mwenyewe anapobadilisha joto, kwa mfano mjomba anapoumizwa na utani huo. Hapo "vituko" vinaweza kugeuka "kituko", na mtoto atasikia tofauti bila kuelezwa.

Mwandishi amechezea sauti, kama "goofy goose". Kinachobebwa hapo ni mlio, maana inafuata nyuma. Tafuta jozi yenye mlio kwa Kiswahili, hata kama sifa itabadilika kidogo: "bata batabata", anayetembea akiyumba huku na huku, atachekesha watoto kuliko "bata mwenye vituko".

Mteja anang'ang'ania "mjinga" kwa kuwa ndivyo kamusi yake ilivyoandika. Usibishane naye kwa nadharia. Mwombe amsomee mama yake sentensi hiyo, mzee akiwa ndiye "baba yangu".